Sufuria Nililompelekea Masele

Watu wa Mabatini, huku mjini, wanaisimulia habari hii vibaya. Wanasema kuna bibi alikwenda kijijini kwake amevaa sufuria kichwani kwa sababu ya wazimu. Bibi huyo ni mimi, na wazimu sina. Sufuria lilikuwa jipya, jua lilikuwa kali, na kichwa ni changu. Naandika mwenyewe, kwa mkono uliojifunza herufi kwenye kisomo cha watu wazima kule Tabora, ili asije mtu akaniongezea maneno.

Naitwa Dorotea binti Masalu. Nimezaliwa Busengwa, kijiji cha kando ya ziwa, ukiipita Kiseke unatembea asubuhi nzima. Mwaka 1964 niliolewa na mtu wa reli tukahamia Tabora. Siku ya kuondoka mdogo wangu Masele hakunisindikiza. Alikuwa amenuna, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naongoza nyimbo kwenye ngoma yao, na zilikuwa zimebaki wiki mbili washindane. Nikamwambia, "Ukinitaka, utakuja kunichukua." Akanijibu, "Ukitutaka, njia haijahama."

Basi. Yeye hakuja, na mimi hiyo njia sikuipita. Miaka thelathini na mmoja. Hata mume wangu alipofariki nikaja kukaa kwa binti yangu Buhongwa, mahali ambapo ukipanda gari asubuhi unafika kwetu kabla ya chakula cha mchana, sikwenda. Binti yangu alikuwa akiniuliza, "Mama, kwani mligombania nini?" Namjibu, "Hatukugombana. Tunasubiriana."

Mwaka 1995, mwezi wa sita, wifi yangu Rebeka, mke wa Masele, alileta dagaa mjini akapita kwa binti yangu. Akakaa chini hata maji hajanywa.

"Wifi, ndugu yako anaondokewa na goma la baba."

Kwa asiye Msukuma lazima nieleze. Kwetu, mavuno yakiisha, makundi mawili ya ngoma hushindana uwanja mmoja. Wagalu upande huu, Wagika upande ule, katikati mstari wa majivu. Wote wanacheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakimbilia panapowapendeza. Jua likigusa maji mwamuzi anapiga filimbi, kila mtu anasimama pale pale filimbi ilipomkuta, watu wanahesabiwa. Upande wenye watu wengi umeshinda. Hakuna anayeuliza uliimba vizuri namna gani. Ndiyo maana tangu zamani watu wamepeleka uwanjani nungunungu, chatu, mtu anayetembea juu ya miti mirefu, ilimradi macho yaje.

Sisi ni Wagalu. Baba yetu alikuwa kiongozi wa Wagalu wa Busengwa, na goma lake kubwa, ambalo watu wawili wanalibeba wakipumzika njiani, alimwachia Masele. Sasa Rebeka ananiambia Masele amefungwa kwenye mashindano miaka miwili mfululizo na Luhende, kiongozi wa Wagika, na kwa hasira ametamka mbele ya watu kwamba akifungwa mara ya tatu, Luhende alichukue lile goma.

"Ametamka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Alikuwa amelewa?"

"Angekuwa amelewa mimi ningepata usingizi, wifi."

Nikawaza usiku kucha. Kama goma linakwenda kwa Wagika, na mimi nipo Buhongwa nachambua mchele, huyo baba nitamwambia nini nikimkuta? Asubuhi nikavaa viatu nikaenda sokoni kununua zawadi. Nilisema sitaki kufika kama mtu aliyeshindwa kusubiri. Nitafika kama mtu aliyeleta kitu.

Nyinyi mliozaliwa juzi hamjui. Miaka ile ya foleni, sufuria lilikuwa linaazimwa kwa mashahidi. Mtu akipata sufuria dukani alikuwa analifunika kanga njiani asiombwe. Sasa biashara imefunguliwa, masufuria yamepangwa barabarani kama karanga. Nikachagua kubwa kuliko yote, la kupikia msiba. Muuza duka akasema, "Bibi, hili ni la shule." Nikamwambia, "Na mimi nina kisomo, funga."

Nikatoka nalo siku ya Sabasaba yenyewe, siku ya mashindano. Lori la soda liliniteremsha njia panda, nikaendelea kwa miguu. Niliapa moyoni kwamba sufuria hilo halitagusa ardhi ya mtu mpaka lifike mikononi mwa Masele. Kulibeba mkononi linanigonga magoti, kulibeba kichwani likiwa wima upepo wa ziwa unalisukuma. Nikaligeuza, nikalivaa. Lilinifika kwenye nyusi. Likawa na kivuli kizuri, na sauti ya hatua zangu nikawa naisikia humo ndani kama natembea na mtu mwingine.

Busengwa niliikuta, lakini si niliyoiacha. Pale tulipokuwa tunaogea wasichana, maji hayaonekani, magugu yamejaa mpaka mbali, kijani kibichi na maua yake ya zambarau. Ng'ombe mmoja alidhani ni malisho, akaingia. Nilimkuta amebaki kichwa na pembe, anatafuna, hana habari. Mahali ilipokuwa nyumba ya baba pamesimikwa mzani wa kupimia sangara. Nilisimama hapo nikatafuta mlango ulikuwa upande gani. Kijana wa mzani akaniambia, "Mayu, kama unauza sangara pita huku." Mayu kwetu ni mama. Nikamwambia, "Mwanangu, umesimama chumbani kwangu." Akasogea kidogo, kwa adabu.

Rebeka alinipokea kwa vigelegele, akaniwekea chakula. Nilikuwa na hamu ya ningu, samaki wa utoto wetu. Akaleta mfupa. Mfupa mzima wa sangara, kichwa na mkia, umekaangwa, katikati hakuna kitu.

"Nyama iko wapi?"

"Imekwenda Ulaya, wifi. Sisi tunabaki na mapanki."

"Na ningu?"

"Ningu tumemsahau hata anavyofanana."

Nikala mapanki nikiwa na sufuria kichwani. Rebeka alisema nilitue, nikakataa.

Masele alikuwa nyuma ya nyumba anakaza ngozi ya goma juani. Amezeeka, mabega yamebaki yale yale. Nikasimama. Yeye ni mdogo, anatakiwa aniamkie. Lakini yeye ni mwenyeji, na mimi ndiye niliyekuja, nafikiri alitaka nianze kwa hilo. Tukatazamana. Goma likawa katikati yetu.

"Umefika," akasema.

"Huoni?"

"Naona sufuria."

"Ni lako. Pokea."

Akaangalia pembeni. "Nitalipokea nikishinda. Mtu asiye na goma anampikia nani sufuria la ukubwa huo?"

"Kwa hiyo nikae nalo?"

"Umekaa na mengine miaka thelathini na mmoja."

Huyo ndiye Masele. Hakuniamkia. Nikageuka nikaenda uwanjani na sufuria langu, na shingo yangu ilikuwa imeanza kusema.

Mwamuzi alikuwa mwalimu Jovinary Kahigwa, Mhaya wa Bukoba, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Wanachagua Mhaya kwa sababu si Mgalu wala si Mgika. Akapiga filimbi saa tisa. Wagalu wetu wakaanza, wazee kumi na wawili na majembe yao, wanayarusha juu yanazunguka, wanayadaka, goma linanguruma. Machozi yalinitoka. Zile hatua nilikuwa bado nazijua, mguu wangu ulikuwa unazitangulia.

Dakika kumi tulikuwa na watu mia mbili. Halafu Luhende akafunua turubai.

Luhende alikuwa amenenepa kwa uwakala wa sangara. Chini ya turubai kulikuwa na meza, juu ya meza kuna televisheni, na nyuma yake jenereta. Alipoivuta kamba jenereta likalia kwa nguvu kuliko goma letu. Mkwewe, Shimba, mwanamume mrefu mwenye shati la kitaulo, akapanda juu ya jiwe kubwa lililo upande wao akiwa ameshika antena iliyofungwa kwenye mlingoti wa tanga, waya unateremka mpaka mezani. Wagika hawakucheza hata hatua moja. Walikunja mikono.

Watu mia mbili wakavuka majivu kama mbuzi walioona chumvi. Upande wetu tukabaki mimi, Rebeka, na mzee mmoja ambaye baadaye tuligundua amelala.

Sasa sikiliza. Televisheni ile ilikuwa haionyeshi kitu. Chenga tupu, nyeupe na nyeusi, zinachemka. Mimi kutoka upande wangu niliona vizuri kabisa kwamba hakuna kitu. Lakini watu walikaa chini, wakanyamaza, wakatazama chenga.

"Ni mvua," mmoja akasema. "Mvua ya Ulaya."

"Mvua gani! Hao ni dagaa. Wamepigwa picha wakiwa wameanikwa."

"Kweli, dagaa. Mwalo wa Kayenze huo."

"Kayenze hawaaniki hivyo. Huo ni mwalo wa Igombe, na ile nyeusi inayopita ni mama mmoja namfahamu."

Wakabishana saa nzima ni mwalo gani, ni ufuko gani wa wavuvi. Masele alikuwa anaimba, jasho linamtoka, majembe yanaruka, hakuna aliyegeuka. Luhende akaja mpaka kwenye mstari wa majivu akiwa amejishika kiuno. Huyu zamani aliwahi kuleta ng'ombe kwetu kwa ajili yangu, na mimi nikawarudisha mwenyewe kwa fimbo.

"Dorotea! Ungenikubali mwaka ule, leo ungekuwa unatazama televisheni ukiwa kitandani."

"Luhende! Wale ng'ombe wako walikuwa na sura nzuri kuliko hicho unachoonyesha."

"Vuka tu uone karibu. Macho yamechoka hayo."

"Mimi nivuke? Kwa Wagika? Afadhali nikae na yule ng'ombe kwenye magugu."

Jua lilikuwa linateremka. Niliona mapigo ya Masele kwenye goma yanaanza kulegea. Nikasema, hata akibakiwa na mtazamaji mmoja, basi amwone. Nikaenda kusimama karibu naye, pale uwanja unapoinuka kidogo kuelekea maji, nikaanza kucheza ile hatua ya zamani ya kuinua mguu wa kushoto. Nikauinua.

Upande wa pili umati ukapiga yowe.

Nikashusha mguu nione kuna nini. Umati ukapiga yowe jingine, la uchungu. Shimba akapaza sauti kutoka juu ya jiwe, "Imekuja, imeondoka! Nani amefanya nini?"

Nikainua tena mguu. Yowe. Nikaona mwenyewe: kwenye lile sanduku, chenga zimekwenda, yupo mwanamume amevaa suti, anacheka. Nikashusha mguu. Chenga.

"Ni yule bibi!" mtu akasema. "Ni lile sufuria!"

Watu wote wakageuka, wakanitazama. Masele naye alikuwa bado anapiga goma, akadhani hatimaye tumependeza, akaongeza nguvu.

Mwalimu Kahigwa alisema kitu kuhusu mawimbi yanayopita juu ya maji kutoka Uganda, yakaligonga sufuria, yakarudi kwa Shimba. Sikumfuata. Ninachojua ni kwamba nikisimama hapo, mguu wa kushoto juu, sufuria limeinama kidogo kulia, picha inakaa. Nikilinyoosha, mtu wa suti anakuwa wawili. Nikisogea hatua moja, dagaa wanarudi.

Luhende si mjinga. Akatuma watu majumbani wakaleta masufuria yote ya Busengwa. Akawapanga wanawake sita kwenye mstari upande wake, kila mmoja na sufuria kichwani na mguu juu. Chenga. Masufuria yao yalikuwa meusi kwa moshi, na masizi yakawashukia usoni. Akaja tena kwenye majivu, safari hii mikono haiko kiunoni.

"Mayu Dorotea, tuazime."

"Ni zawadi ya watu."

"Basi simama tu hapo hapo. Usicheze. Usipumue sana."

"Kwa nini nisimame? Nina miaka sitini na mitano."

"Nikuletee kiti?"

"Kiti kitanisaidia nini na mguu uko juu?"

Umati ukaanza kunisihi. Bibi, tafadhali. Mayu, kidogo tu, yule mtu alikuwa anataka kusema kitu. Hapo ndipo nilipolitazama jua, likiwa limebakiza upana wa viganja viwili juu ya maji, nikawatazama watu mia mbili, nikamtazama mdogo wangu. Nikakaa chini. Kabisa, miguu nimeinyoosha.

"Mimi macho hayafiki huko," nikasema. "Siwezi kusimama kuwaonyesha watu kitu ambacho mwenyewe sikioni. Mkitaka picha, leteni hilo sanduku lenu huku."

"Haiwezekani!" Luhende akasema. "Jenereta zito."

"Basi tazameni dagaa."

Luhende alielewa nilichokuwa nafanya. Nilimwona ameelewa. Lakini wale waliokaa mbele walikuwa hawataki kuelewa kitu, walikuwa wanataka mtu wa suti. Vijana wanne wakainua meza. Wengine wakabeba jenereta likiwa linaunguruma vile vile. Luhende akakimbia nyuma yao anapiga kelele, "Polepole, mtaivunja!" Wakavuka majivu, umati ukavuka nyuma ya meza, wanawake wenye masizi wakavuka, na wale wacheza ngoma wa Wagika waliokuwa wamekunja mikono wakavuka wakiwa bado wamekunja mikono. Waya wa antena ukawa mfupi, haufiki. Luhende akaishika kwa mkono mmoja ncha ya waya, kwa mwingine nyuma ya televisheni, akawa ameunganisha kwa mwili wake.

Nikasimama. Nikainua mguu.

Mtu wa suti alikuwa amesimama karibu na godoro. Akalibonyeza, akacheka. Akakaa juu yake. Akasimama. Akakaa tena.

"Anasema nini?" watu wakauliza.

Mwalimu Kahigwa akasogea mbele kabisa, filimbi inaning'inia. "Kiganda hicho. Kinakaribiana na Kihaya chetu. Anasema godoro hili halibonyei."

"Mbona limebonyea?"

"Anasema linarudi."

Watu wakashusha pumzi. Akabonyeza, likarudi. Mia mbili wakasema "aaa!" Sijawahi kuona watu wametulia hivyo hata kanisani. Masele alikuwa ameacha kupiga goma, wazee wetu wameshika majembe yao kama fimbo, nao wanatazama godoro. Mguu wangu uliokuwa chini ulikuwa unatetemeka kuanzia kisigino mpaka nyonga. Nikajiambia, Dorotea binti Masalu, ukianguka goma limekwenda.

Jua likagusa maji. Nikamtazama mwamuzi. Mwamuzi alikuwa anatazama godoro.

"Mwalimu, jua!"

"Subiri, mayu, anataja bei."

"Mwalimu Kahigwa, nikishusha mguu huu hutaijua hiyo bei maisha yako yote!"

Luhende aliposikia neno jua akashtuka. Akageuka kutazama upande wake. Juu ya jiwe yupo Shimba, chini ya jiwe yupo mbwa. Akataka kukimbia, arudi kwao, apate japo watu watatu. Lakini alipoachia waya kidogo tu mtu wa suti alikatika kiuno, na umati mzima ukamfokea, wa kwake na wa kwetu, "Shika! Luhende, shika hapo!" Mkewe ndiye aliyefoka kwa sauti kuliko wote. Akashika.

Mwalimu akapiga filimbi bila kugeuza macho.

Kuhesabu hakukuchukua muda. Upande wa Wagika mmoja, kwa kuwa mbwa haingii. Upande wa Wagalu mia mbili na kumi na saba, pamoja na yule mzee aliyelala, pamoja na Luhende mwenyewe. Shimba alipoambiwa akiwa bado juu ya jiwe kwamba wamefungwa, aliuliza, "Lakini picha ilikuwa nzuri?"

Mimi nilibaki pale pale, mguu juu. Nilikuwa sijaambiwa nishushe. Masele akaja. Alilipita goma, akaipita televisheni, akawasogeza watu kwa kiwiko, mpaka akasimama mbele yangu. Uso wake nilikuwa nauona nusu kwa sababu ya sufuria. Nikaona kidevu, ni cha baba. Akanyanyua mikono yote miwili, akalivua taratibu kama mtu anavyopokea mtoto, akapiga goti moja.

"Shikamoo, dada."

Chenga zikarudi. Mtu wa suti hayupo, godoro halipo, bei haikujulikana. Watu mia mbili wakaruka juu. "Rudisha! Rudisha sufuria! Masele, una akili?" Mtu mmoja akatutupia kandambili. Luhende akaacha waya akakaa chini.

Masele hakuangalia nyuma. Alikuwa amelikumbatia sufuria, ananisubiri.

"Marahaba, Masele," nikasema. Ilibidi niseme kwa nguvu ili anisikie, kwa jinsi walivyokuwa wanatutukana.